Vyombo vya Mshonaji Vilivyomo Nyumbani

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu pana vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pana kitu cha kutia joto, na chini pana kitambaa kizima. Kisha tabaka zote hupitishwa nyuzi pamoja zisipate kuachana. Kwa desturi vipande hivyo havinunuliwi. Hutoka katika leso iliyochakaa pindo, katika shati lililotoboka viwiko, na katika mabaki yanayofagiwa kila jioni chini ya cherehani za mafundi. Ni ajabu basi kwamba wanawake wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wenye vitambaa vya kutosha huiacha kazi hii kwa sababu ya vyombo. Wamesikia ya kuwa mshonaji wa mifarishi yampasa kuwa na rula maalumu, ubao wa kukatia, chaki, vibanio, fremu na subana ya kidoleni; naye mwenye kujumlisha bei za vitu hivyo huona kwamba blanketi la dukani ni rahisi zaidi.

Hesabu hiyo si ya uongo. Mwenye kununua kila chombo kabla ya kupiga mshono wa kwanza atashona mifarishi mingi kabla ya kurudisha fedha yake. Kosa lake ni kununua jina la chombo, hali kinachotakiwa ni kazi ya chombo. Na kazi zenyewe ni sita tu: kupima, kutia alama, kuzuia kitambaa kisiteleze, kulainisha mishono, kukata na kushona. Kwa nne za kwanza nyumba yoyote ya kawaida ina vitu vya kutosha, mradi vikaguliwe kwanza. Kwa mbili za mwisho haina, na hapo ndipo penye kuweka fedha.

Ichukuliwe mfano wa mama aishiye Likoni, mwenye leso mbili za marehemu mama yake, naye ataka kumshonea mjukuu mfarishi wa sentimita 90 kwa 120. Kitambaa cha dukani kikikatwa vibaya, hununuliwa kingine. Leso hizo hazina nyingine. Mama huyu hawezi kufanya kazi kwa kubahatisha, wala hana fedha ya kuvuka feri kwenda mjini kununua sanduku zima la vyombo. Mafunzo yafuatayo ni kwa ajili ya mtu kama yeye.

JAMBO LISILO GENI

Pwani haikuanza leo kukipa chombo cha nyumbani kazi ya ushoni. Kofia ya vito ikisha kufuliwa na kutiwa wanga huvikwa kwenye faruma ili ikauke bila kunywea. Asiye na faruma huivika bakuli lililofudikizwa, na kofia haijui tofauti. Leso yenyewe, kama isimuliwavyo, ilizaliwa kwa njia hii katika karne ya 19: wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa vikiuzwa vimeshikana, wakaviunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Jina la leso latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Hivyo kila avaaye leso huvaa kumbukumbu ya vipande vilivyounganishwa.

Nchi za nje nazo zina mifano. Wanawake wa Bengali hupanga sari kuukuu moja juu ya nyingine na kuzishona pamoja kwa uzi uliofumuliwa katika pindo za sari hizo hizo. Kazi hiyo huitwa kantha. Marekani, wenye viwanda vya unga walitambua kwamba akina mama walikuwa wakishona nguo na mifarishi kwa mifuko ya unga, wakaanza kuitia mifuko hiyo maua na rangi. Na mifarishi iliyoshonwa na wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, kwa nguo kuukuu za shambani, ilionyeshwa mwaka 2002 katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York.

Katika Kenya, klabu za Maendeleo ya Wanawake zilizoanzishwa mwaka 1952 zilifanya ushoni kuwa moja ya mafunzo yao ya kwanza. Lililo gumu kufundisha, wakati ule na sasa, si mshono. Ni kipimo.

KIPIMO CHA KUAMINIKA

Mfarishi wa mama wa Likoni utakuwa na vipande 48 vya mraba, sita kwa upana na vinane kwa urefu. Kila kipande kikatwe sentimita 17 kila upande. Sentimita moja ya kila upande itaingia ndani ya mshono, na kibaki kipande cha sentimita 15. Sita mara 15 ni 90, na nane mara 15 ni 120.

Sasa itazamwe hasara ya kosa dogo. Mshonaji akizidisha mshono kwa milimita mbili tu, kila mshono hula milimita nne, kwa kuwa unashika vipande viwili. Upana una mishono mitano ya ndani, basi mstari hupungua milimita 20. Urefu una saba, nao hupungua milimita 28. Ikiwa mistari yote ingepungua sawasawa pasingekuwa na neno. Lakini mstari ulioshonwa asubuhi hupungua zaidi, na ulioshonwa jioni kwa taa hupungua kidogo, na siku ya kuiunganisha mstari mmoja humshinda mwenzake kwa sentimita mbili. Hapo mshonaji huvuta, mfarishi huvimba katikati kama tanga lenye upepo, na lawama hupewa kitambaa.

Kwa hiyo cha kwanza kutafutwa ni pembe ya haki. Huko Kisauni, ambako nyumba haziishi kujengwa, si vigumu kupata kigae kimoja cha sakafu kilichobaki kwa fundi. Kigae kizima kina pembe nne na ncha zilizonyooka, tena uzito wake hukishika kitambaa mahali pake. Hata hivyo kisiaminiwe mpaka kijaribiwe. Kiwekwe juu ya karatasi, upande mmoja ukilala sawa na mstari ulionyooka, na upande wa pili ufuatishwe kwa kalamu. Kisha kigeuzwe kifudifudi, pembe ile ile iwe mahali pale pale, na mstari upigwe tena. Mistari miwili ikilaliana, pembe ni ya haki. Ikiachana kama mkasi uliofunguliwa, kigae hicho kirudi kazi ya kuwekea sufuria. Tena ukubwa ulioandikwa kwenye boksi usichukuliwe kuwa ndio ukubwa wa kigae; kipimwe.

Kwa msaada wa kigae, kielelezo cha sentimita 17 huchorwa na kukatwa katika ubavu wa dumu la mafuta ya kupikia lililooshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto. Wengi hupenda boksi la karatasi kwa kuwa ni laini kukata. Karatasi ina hila: kila inapofuatishwa ncha zake hulika, na kipande cha arubaini huwa kidogo kuliko cha kwanza bila mkataji kujua. Plastiki ngumu hailiki upesi. Kielelezo kikisha kukatwa kipimwe toka pembe hadi pembe pande zote mbili. Kila kipimo kiwe sentimita 24. Vipimo viwili vikitofautiana, mraba umelala upande.

Utepe wa kupimia, ambao mafundi huuita futi, wafaa kununuliwa kwa kuwa bei yake ni ndogo. Lakini utepe wa kitambaa ukizeeka hunyooka kwa kuvutwa. Ulinganishwe mara kwa mara na rula ya mtoto wa shule. Asiye na utepe aweza kuchukua ule ukanda mgumu wa plastiki unaofungia maboksi ya mizigo, ambao hauvutiki, akauwekea alama kila sentimita tano kwa kufuata rula hiyo.

Mafundi wa nyumba wana kanuni yao ya kupima pembe za msingi: upande mmoja ukiwa tatu na wa pili nne, mshazari lazima uwe tano. Kanuni hiyo ni ya mshonaji pia. Mfarishi wa 90 kwa 120 ni tatu kwa nne, kwa kuwa kila tatu ni sentimita 30 mara tatu, na kila nne ni 30 mara nne. Basi kazi ya juu ikisha kuunganishwa na kutandazwa, kamba ipitishwe toka pembe hadi pembe ya mistari ya mshono, yaani sentimita moja ndani ya kila ukingo: ikiwa sentimita 150, na ya pili vivyo hivyo, mfarishi umesimama sawa. Kamba ya kuanikia nguo yatosha kwa kazi hii.

ALAMA NA UZITO

Chaki ya mshonaji iko bafuni. Kipande cha sabuni ya mche kilichobaki chembamba, kikiachwa kikauke siku mbili tatu na kuchongwa ncha kwa kisu, huandika mstari mweupe mzuri juu ya kitambaa cha rangi nzito, na mstari huo hutoka kwa kufuliwa. Juu ya kitambaa cheupe sabuni haionekani. Hapo mgongo wa mpini wa kijiko ukikandamizwa kando ya rula huacha kunjo linaloonekana vya kutosha kwa kushona papo hapo. Kalamu ya wino isitumiwe kabisa. Wino wake huonekana kutoka, kisha hurudi siku ya pasi, na mara nyingi huwa upande wa juu.

Kabla ya alama yoyote kitambaa kifuliwe, kikauke, na kinyooshwe. Leso mpya nyingi hutoa rangi. Kipande kilowekwe na kufungwa ndani ya kitambaa cheupe usiku kucha, na asubuhi jibu litakuwa limeandikwa. Tena kielelezo kilazwe kufuata nyuzi za mtande na mshindio, kwa maana kipande kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira.

Leso moja yenye upana wa sentimita 150 na kimo cha 110 hutoa vipande vinane kwa sita, yaani 48 kamili, ikiwa haikutoboka popote. Leso iliyovaliwa miaka mingi haina uzima huo, na ndiyo sababu mama wa Likoni alitakiwa kuwa na mbili. Pahali pepesi pajulikane kwa kuinua nguo mbele ya dirisha: panapopitisha mwanga kama chujio, papitwe. Na kwa kuwa leso ina jina lake, yafaa kufikiri kabla ya kulikata vipande vipande. Wengine huutoa mstari wa jina mzima na kuuweka kando, kisha huushona upande wa chini wa mfarishi. Haiongezi joto, lakini mjukuu atakuja kujua kusoma.

Pini nyingi hazihitajiki wakati wa kukata. Kufuli mbili, mawe laini ya ufuoni yaliyooshwa chumvi na kufungwa kitambaa, au makopo ya vyakula yatashika kielelezo vizuri kuliko pini, bila kukunja nguo. Wakati wa kushona taraza ya ukingoni, vibanio vya kuanikia nguo hushika tabaka zote nene mahali ambapo pini ingepinda. Vya mbao visiwe na msumari wala waya uliotokeza.

Pasi ya makaa yafaa sana, lakini majivu yake yapepetwe nje, mbali na kitambaa, na moto wake ujaribiwe juu ya kitambaa kisicho na thamani. Si lazima pasi iwashwe kwa kila mshono. Mshono mpya hulazwa upande mmoja kwa kusuguliwa na mgongo wa kijiko juu ya kigae kile kile. Pasi yatosha mstari mzima ukisha kwisha. Kikombe cha bati chenye maji yaliyochemka, kikikaushwa chini, hulainisha mabaki madogo. Kishikwe kwa kitambaa, na watoto wawe mbali.

PENYE KUWEKA FEDHA

Mkasi ununuliwe, na uwe mzuri kadiri mfuko unavyoruhusu. Kisu cha jikoni na wembe havikati mstari ulionyooka katika kitambaa kilicholala. Hukivuta, na kipimo chote cha kigae hupotea katika dakika moja. Mkasi huo usikate karatasi, wala majani ya chai, wala nywele za mtoto. Nyumba yenye watu wengi ni heri kuufunga uzi mwekundu kwenye mpini, wote wajue. Ukianza kutafuna badala ya kukata, apelekewe yule fundi apitaye na jiwe lake la kunolea linalozungushwa kwa baiskeli; lakini aambiwe mapema kwamba ni mkasi wa nguo, maana makali yake si kama ya kisu.

Sindano ziwe mpya. Sindano yenye kutu hukata uzi na kutia doa, na upepo wa bahari hutia kutu upesi sana, Likoni kuliko penginepo. Zihifadhiwe katika chupa kavu ya dawa yenye kifuniko, pamoja na punje chache za mchele uliokaushwa juani za kunywa unyevu. Idadi yake ijulikane. Sindano iliyoanguka juu ya mkeka haionekani mpaka ipatikane na mguu. Basi sumaku iliyomo nyuma ya spika ya redio mbovu, ambayo mafundi wa redio huitupa, ifungwe kamba na kupitishwa juu ya mkeka kila kazi inapokwisha. Hili lisionwe dogo katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Uzi wa mishono nao usichukuliwe ovyo. Ujaribiwe kwa kuvutwa kwa mikono miwili: ukikatika bila sauti, umeoza, hata kama rangi yake ni nzuri. Lakini uzi wa bandi, ambao hutolewa kazi ikisha, aweza kupewa bure na muuza nafaka. Midomo ya magunia ya mchele na sukari hushonwa kwa mshono wa mnyororo, na mshono huo ukikatwa mwisho wake na kuvutwa kwa upande unaofaa, hufumuka wote kwa mara moja. Ukivutwa kwa upande mwingine hujifunga, na aliyeshindwa na upande mmoja ajaribu wa pili kabla ya kukasirika. Upitishwe juu ya nta ya nyuki usijisokote.

Subana ya kidoleni hutengenezwa kwa ulimi wa kiatu kibovu cha ngozi, ukishonwa kama kofia ndogo ya kidole cha kati. Sindano ikikwama katika tabaka nene, kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kikishikwa kati ya vidole viwili huivuta bila jasho. Mwenye cherehani na abandike plasta ya jeraha, tabaka mbili tatu, juu ya bamba la cherehani, sentimita moja kamili kutoka sindano. Ukingo wa kitambaa ukisuguana nayo, mshono hauwezi kupotea. Mwenye kushona kwa mkono akate kielelezo cha pili cha sentimita 15, akiweke katikati ya kila kipande na kuchora mstari wa mshono kwa sabuni.

KUUNGANISHA TABAKA

Kwa joto la Mombasa hakuna haja ya kujaza sana. Blanketi lililokwisha manyoya, au leso kuukuu mbili zilizolazwa pamoja, hutosha hata kwa usiku wa kusi wa Julai. Sufi ni nyepesi na hupendeza, lakini katika mfarishi hutembea na kujikusanya pembeni. Atakayeitumia aipige nyuzi karibu karibu.

Kitanda cha mbao kilichoondolewa godoro ni fremu tayari. Kitambaa cha chini hufungwa kwa kamba kwenye mifumbati miwili, kikavutwa sawa bila kukazwa kama ngoma, kisha tabaka nyingine hulazwa juu yake, na mshonaji hufanya kazi ameketi kando. Katika chumba kimoja cha kupanga huko Changamwe, ambako kitanda ni hicho hicho cha kulalia, njia hii ni ya mchana tu, na wengi huona afadhali kufanya sakafuni. Basi boksi kubwa lililofunguliwa litandazwe kwanza juu ya mkeka, sindano isije ikashona mfarishi na mkeka pamoja. Jambo hilo limewapata wengi, na hugunduliwa wakati wa kuinuka. Nyuzi za bandi zianze katikati na kwenda nje, zisiache kunjo ndani. Mkono wa kushoto ushike kijiko: ncha ya sindano inapotokeza, huinuliwa kwa ukingo wa kijiko, na kidole hakichomwi.

Asiye na subira ya kupiga mistari mizima aweza kufunga vifundo, kimoja katika kila makutano ya vipande vinne. Mfarishi wa vipande 48 una makutano 35. Kazi hii yataka sindano ndefu, na shazia ya kushonea ukili wa mikeka yafaa ikiwa nyembamba. Njiti ya mwavuli uliovunjika nayo hugeuzwa sindano kama hiyo, kwa kuwa ncha yake mara nyingi ina tundu tayari pale iliposhonewa kitambaa. Upande wa pili husagwa juu ya jiwe mpaka uchongoke, kisha husuguliwa kwa msasa. Ichaguliwe njiti ya mviringo. Iliyochimbwa mfereji hung'ang'ania nyuzi na kutoboa tundu kubwa.

Uzi wa vifundo uwe wa pamba iliyo nene, uingie, utoke, uingie tena, ufungwe mara mbili, na ncha zikatwe sentimita mbili. Kwa mfarishi wa mtoto mchanga ncha ziingizwe ndani zote, asizinyonye. Nyuzi za bandi zifumuliwe baada ya taraza kushonwa, wala si kabla. Na mfarishi ufuliwe mara ya kwanza kwa maji baridi, uanikwe kivulini umelala juu ya kamba mbili, ili uzito wa maji usiuvute upande mmoja.